Ukurasa Nilioubomoa

Jumatatu, 8 Machi 1926

Mfunga vitabu ametuletea kitabu cha mfano, kurasa tupu mia mbili na ushei, ili Bi Imogen aone kitabu cha yule Mmarekani kitakuwa na unene gani. Bi Imogen amekishika, amekinusa, akasema kizuri, akakitupa kwenye pipa la makaratasi. Nikakiokota. Karatasi ya namna hii haitupwi mbele ya macho yangu. Mimi Léontine Carouge, mjane, umri miaka arobaini na sita, mpanga herufi tangu nina miaka kumi na mitano, sijawahi kuandika kitu changu mwenyewe isipokuwa barua kwa dada yangu. Basi nitaandika humu mpaka kazi ya kitabu hiki iishe, au nichoke.

Karakana yetu ni mtambo mmoja na watu wawili. Mwenye mali ni Bi Imogen Farrant, Mwingereza, aliyenunua mtambo wa mkono kwa sababu wageni wote wa mtaa huu wa Montparnasse msimu huu wanataka kuchapa vitabu. Mzee Anselme, miaka sabini na miwili, ndiye anayevuta mtambo. Mimi napanga herufi za madini ya risasi. Herufi tulizo nazo zinatosha kurasa kumi na sita, basi. Tunapanga kumi na sita, tunachapa nakala mia tatu, tunabomoa kurasa, kila herufi inarudi kwenye kitundu chake kashani, ndipo tuanze kumi na sita nyingine. Kwa hiyo kitabu kizima hakisimami kamwe mbele yako kwa wakati mmoja. Kikishabomolewa kabla hakijachapwa, kimekwenda na maji.

Kitabu ni cha Bi Thea Lindqvist, ndiye yule Mmarekani, na ni Kiingereza. Kiingereza sikijui. Hainisumbui, nimewahi kupanga kamusi ya Kigiriki na sikupotea. Kinachonisumbua ni mwenyewe. Na kinachonisumbua zaidi ni kwamba mwenye jengo analitaka jengo lake ifikapo sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa Juni. Baada ya hapo hakuna karakana.

Jumatano, 10 Machi

Mvua. Karatasi hazikauki. Mzee Anselme anakohoa.

Jumanne, 16 Machi

Leo tumegombana, mimi na huyo Mmarekani. Aliingia saa nne amevaa koti la mwanamume linalofika kwenye visigino, mkononi mkate na kitunguu kibichi, maana hicho ndicho kiamshakinywa chake. Nikampa nakala ya majaribio ya ukurasa wa sitini na mbili. Akasimama dirishani, akasoma kwa sauti huku anapiga mguu chini kama mtu anayefundisha ngoma, halafu akachukua penseli akafuta nusu ya ukurasa.

"Bi Thea," nikamwambia, "hii ni mara ya nne."

"Najua kuhesabu, Bi Léontine."

"Mimi nina vidole kumi tu. Utaridhika mwaka gani?"

"Mwaka nitakaokufa. Lakini tujaribu kabla ya hapo."

Mzee Anselme akacheka mpaka akashika mtambo asianguke. Mimi sikucheka. Nikamwambia kwamba wapanga herufi si punda, na kwamba wapo waandishi waliokufa tayari ambao kazi yao ni rahisi zaidi. Akaniangalia. Nilidhani atakwenda kunisemea kwa Bi Imogen. Akavunja mkate wake vipande viwili, akanipa kimoja, kile chenye kitunguu. Nikakila, kwa hasira.

Jumatano, 17 Machi

Mara ya tano. Ukurasa ule ule.

Ijumaa, 26 Machi

Lazima niwe mkweli hata kama hakuna anayesoma. Ukurasa wa sitini na mbili ulikuwa umejaa kutoka pembe hadi pembe, mweusi, mzito. Sasa umebaki mistari kumi na minne. Mzee Anselme alipotoa nakala tukausimamisha kwenye rafu tukauangalia. Mimi sijui unasema nini. Lakini miaka thelathini na moja ya kuangalia kurasa imenifundisha kitu, na ukurasa ule sasa unapumua. Mzee Anselme akasema, "Huyu mwanamke anajua." Nikasema ndiyo, anajua.

Nimeuliza habari zake. Miaka kumi na moja kitabu kimoja! Kilianza na kurasa mia tisa. Wachapishaji watatu kwao Marekani wamekirudisha. Mmoja alimwambia aandike kuhusu mapishi. Hapa anafundisha watoto wa mwuza nyama Kiingereza, anaosha vyombo kwenye mkahawa Jumapili, anaishi ghorofa ya sita pasipo na moto. Hao rafiki zake, wachoraji na washairi kutoka kila pembe ya dunia, wanakaa mikahawani kutwa wakisimulia vitabu watakavyoandika. Yeye hasimulii. Akimaliza glasi moja anainuka anakwenda kuandika, amesimama, juu ya kabati ndipo meza yake. Wanamcheka kwa hilo, na yeye anawaacha wacheke.

Jumapili, 4 Aprili

Pasaka. Kanisani, halafu mguu wa kondoo kwa dada yangu. Shemeji ameniuliza kama ni kweli wageni wanacheza dansi uchi kwa Bi Imogen. Nimemwambia ni kweli, ili asiwe na raha.

Jumatano, 14 Aprili

Kwenye mswada wa Bi Thea kulikuwa na karatasi moja tupu, ina namba tu: mia na kumi na tatu. Kila nikimwuliza ananiambia, "Hapo patakuja kitu." Kinachotangulia kimepangwa, kinachofuata kimepangwa, na pale katikati pengo.

Leo ameingia ameloa chapachapa. Hakula. Akafunga mlango.

"Bi Léontine, hujui Kiingereza hata kidogo?"

"Najua kuomba chai."

"Vizuri. Usijifunze leo."

Akasimama karibu na jiko la makaa. Akawa anaandika mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi, ananipa, napanga, ananyang'anya kile kipande anakitupa motoni. Mstari mwingine, vile vile. Nikamwuliza, jamani, mbona unachoma? Akasema, "Nikikiacha mezani nitakifuta kesho. Hiki nimekifuta miaka kumi na moja." Aliandika kwa haraka hata nikapata shida kuusoma mwandiko. Tuliendelea hivyo saa tatu nzima. Mzee Anselme hakuvuta mtambo hata mara moja. Alikaa kwenye kiti chake na kofia mapajani, kama yuko kanisani.

Tulipomaliza nikaufunga ukurasa kwa uzi, nikauweka kwenye sinia la bati juu ya meza ya jiwe. Nikamwuliza kama nitoe nakala ya majaribio.

"Hapana! Usinionyeshe. Uchape zamu yake ikifika."

Akakaa juu ya marobota ya karatasi, akalala palepale. Nikamfunika na koti lake. Nimewahi kupangia mawaziri na maaskofu, lakini heshima niliyoisikia leo sijawahi kuisikia.

Jumamosi, 17 Aprili

Jumamosi za Bi Imogen ni za wageni, na leo alitaka meza ya jiwe iwe ya kuwekea chaza na mvinyo, eti mbunge fulani wa Kiingereza anataka kuona "mazingira ya kazi". Kazi yenyewe ikabidi ihamishwe. Masinia yote ya mezani nikayaweka rafu ya chini karibu na sinki, pale zinapowekwa kurasa zilizokwisha kuchapwa. Nikajiambia Jumatatu asubuhi nitayarudisha.

Miklós Varjas, yule mchoraji wa Hungaria anayekula mkate wa kila mtu, alicheza dansi na ufagio wangu. Bi Thea alikuja, akala chaza sita, akaenda kuandika.

Jumatatu, 19 Aprili

Ee Mungu wangu.

Nitaandika ilivyokuwa. Asubuhi herufi zilipungua. Zikipungua, mpanga herufi anachukua sinia kwenye rafu ya chini anabomoa. Mzee Anselme akishachapa anatakiwa achore msalaba wa chaki ubavuni mwa sinia, lakini husahau, na mimi nimeshazoea kutoangalia. Nikavuta sinia. Nikalowesha, nikakata uzi, nikaanza kurudisha herufi kashani huku namsikiliza Mzee Anselme akisimulia jinsi mwenye nyumba wake anavyogombana na paka. Mkono unaofanya kazi hii hauhitaji macho. Herufi zinadondoka vitunduni kama mvua, tik tik tik. Robo saa, ukurasa umekwisha.

Saa sita Bi Thea akaingia na mkate wake. Akasema, "Nataka kuugusa tu. Sitausoma." Nikaenda kwenye rafu. Sinia la kwanza, si lenyewe. La pili, si lenyewe. Nikatazama sinki. Uzi wangu ulikuwa pale, umelowa, na sinia tupu.

Nikauokota ule uzi.

"Uko wapi?" akauliza Bi Thea.

Niliufungua mdomo. Haki ya Mungu niliufungua. Halikutoka neno.

Mzee Anselme alinitazama, akatazama sinki, akaelewa yote. Akainuka, akavua kofia. "Kosa ni langu, Bi Thea," akasema. "Mimi ndiye nisiyechora misalaba. Ukurasa umebomolewa."

Bi Thea hakupiga kelele. Ningependa apige. Alikwenda kwenye kasha, akaingiza mkono katika herufi, akazichota, akaziacha zianguke tena. Maelfu ya herufi. Halafu akatoka bila koti lake.

Jioni Bi Imogen alikuja, akamwambia Mzee Anselme abaki nyumbani kwake, atatafuta kijana wa kuvuta mtambo. Mzee akakunja aproni yake vizuri akaiweka juu ya mtambo. Mlangoni akaninong'oneza, "Wewe una miaka ya kufanya kazi bado, binti. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha." Nami nikanyamaza. Nimenyamaza! Nimekuja nyumbani, nimepika supu ya vitunguu, nimeimwaga.

Jumanne, 20 Aprili

Mvua. Sikuweza kutazama aproni ile.

Jumatano, 21 Aprili

Bi Thea hajaja. Nimepanga kurasa mbili tu. Makosa kumi na moja. Mimi, makosa kumi na moja.

Alhamisi, 22 Aprili

Leo lilikuja kundi zima karakanani: Bi Imogen, Miklós, na wengine wanne ambao majina yao sihitaji. Wamemkokota Bi Thea katikati yao, mweupe kama karatasi.

"Thea, mpenzi," Bi Imogen akasema, "andika upya tu."

"Siwezi. Nilisema mara moja."

"Basi nina wazo," akasema Miklós. Alikuwa anatafuna mkate wangu. "Uacheni ukurasa mtupu. Namba juu, chini hakuna kitu. Mtupu! Nani amewahi kuthubutu? Watu watakaa mbele ya ukurasa huo watalia!"

Wakashangilia. Mmoja akasema ni kama ukimya wenyewe unaongea. Mwingine akasema huo ndio utakuwa ukurasa bora wa karne. Bi Imogen akapiga makofi: kwanza ni jambo jipya, pili siku zinakwisha, Mtakatifu Yohana hasubiri mtu. Akaniagiza nipange namba tu, mia na kumi na tatu.

Debe tupu haliachi kuvuma. Nikamtazama Bi Thea, nikingoja awafukuze kama anavyowafukuza siku zote. Akasema polepole, "Labda. Labda ni afadhali hivyo." Na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepewa ruhusa ya kukimbia.

Pale ndipo moyo wangu ulipoumia kweli. Mwanamke huyu hajawahi kunipa neno asilolipigania. Na sasa anataka kuchapa pengo, kwa sababu yangu.

Ijumaa, 23 Aprili

Nilipiga moyo konde. Saa mbili asubuhi nikapanda ngazi za ghorofa zote sita hadi chumbani kwake. Nikamkuta amekaa kitandani na koti. Koti nilikuwa nimempelekea kwa mkono wa jirani.

Nikasema nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema.

"Si Mzee Anselme. Ni mimi. Sinia nililihamisha mimi, nikalibomoa mimi, bila kuangalia, huku nasikiliza habari za paka. Yeye alijitwika, na mimi nikamwacha ajitwike. Siku nne nimemwacha."

Kisha akashika kikombe akakipiga ukutani, kikavunjika. Nikasema moyoni, nastahili.

"Kwa nini hukusema?"

"Mdomo ulikuwa mzito. Dakika ya kwanza uliponikatalia, ya pili ikawa ngumu zaidi. Halafu ikawa siku."

"Halafu ikawa siku," akarudia. "Siku nne?"

"Siku nne."

"Mimi ni miaka ishirini na mitano," akasema.

Sikuelewa. Akaniambia nikae. Akaniuliza tena kama nilijua ukurasa ule ulisema nini, nikamwambia sijui hata neno. Basi akanisimulia, kwa Kifaransa chake kile cha sokoni, kisicho na pambo lolote.

Alikuwa na miaka kumi, kwao Minnesota, kaskazini mwa Marekani, penye baridi inayokausha mate mdomoni. Alikuwa na mdogo wake, Nils, miaka mitano. Mwanzo wa Desemba, ziwa limeanza kuganda. Wanacheza ukingoni. Thea akakasirika kwa jambo asilolikumbuka, akaitupa glavu yake mbali juu ya barafu. Hasira ilipokwisha akaitaka glavu. Akaogopa kuifuata. Akamwambia Nils, "Nenda wewe, wewe mwepesi." Akamwonyesha kwa kidole. Mtoto akaenda anacheka. Akaiokota. Akageuka aonyeshe kwamba ameipata.

Barafu ikapasuka chini yake.

"Watu walipokuja nikasema alikimbia mwenyewe," akasema. "Mama akanikumbatia. Alinikumbatia, Bi Léontine! Dakika ya kwanza nilinyamaza. Halafu ikawa siku."

Nikalia. Ninaandika wazi: nililia mbele ya mgeni, na nilimshika mikono.

Baada ya muda nikamwuliza kilichokuwa kinanikwaruza. "Na hayo ndiyo uliyoandika ile Jumatano?"

Akatikisa kichwa. "Niliandika kwamba upepo uliichukua glavu, na mtoto akaikimbilia. Nilikuambia usijifunze Kiingereza, hukujifunza, na bado nilidanganya. Mbele ya mtu asiyeelewa hata neno, nilidanganya! Nachoma vipande motoni, nikidhani natubu."

"Basi ukurasa mtupu ungekuwa—"

"Ungekuwa uongo huo huo, umevaa kofia nzuri zaidi."

Akainuka. Akaosha uso kwenye beseni. Akavaa koti. "Una herufi za kutosha?" akaniuliza.

"Ninazo zote," nikasema. "Zimerudi mahali pake."

Tukashuka, tukapita kwanza kwa Mzee Anselme. Tulimkuta anamlisha paka wa jirani. Nikamwomba radhi mbele ya Bi Thea, nikiwa nimesimama barazani pa nyumba yake, na mwenye nyumba anasikiliza nyuma ya mlango. Mzee akasema, "Haya, haya, nguo zangu ziko wapi," akavaa.

Mchana kutwa tulifanya kazi. Safari hii Bi Thea hakuchoma karatasi. Aliandika mstari, akanisomea kwa Kiingereza, akaniambia maana yake, nikapanga. Mistari mifupi. Ile ya kwanza ilikuwa mirefu, naikumbuka kwa vidole. Hii ilikuwa mifupi, na mmoja, ule wa kidole kikionyesha, ulikuwa na maneno matatu tu. Nilipomaliza nikatoa nakala ya majaribio, nikamwekea mbele. Akaisoma bila kupiga mguu chini. Akaandika chini yake: ichapwe. Akatia jina lake lote.

Njiani kurudi nikamwambia Mzee Anselme kwamba labda kosa langu limemfaa Bi Thea. Akanikata kauli. "Usijisifu, binti. Kosa ni kosa. Aliyefaa ni yeye, aliyerudi kusema kweli."

Jumatatu, 26 Aprili

Bi Imogen amekuja kuona ukurasa mtupu, akakuta umeandikwa. Akausoma. Akasimama pale, mkufu wake mdomoni. Nilimweleza kuhusu Mzee Anselme na kuhusu mimi, nikangoja nifukuzwe. Akasema tu, "Endeleeni," akatoka, akasahau mwavuli wake. Nilikuwa namdharau mwanamke yule. Leo nimempunguzia.

Jumatano, 28 Aprili

Tumechapa. Mia tatu, safi, hakuna hata moja iliyopaka wino. Mzee Anselme alichora msalaba mkubwa kama wa makaburini. Bi Thea akachukua karatasi moja yenye ukurasa wa mia na kumi na tatu, akaikunja, akaitia bahasha ya kwenda kwa mama yake.

"Mama anasoma Kiingereza?" nikauliza.

"Cha kanisani tu, kwetu tunasema Kiswidi. Na ana kamusi." Akalamba bahasha. "Afadhali asome kwangu kabla hajasoma dukani."

Mkono wake wakati wa kuitia ile barua kwenye sanduku la posta! Aliushikilia kwenye tundu kama mtu anayetia mkono kinywani mwa mbwa. Halafu akaiachia.

Jumatatu, 10 Mei

Jua. Kurasa za mwisho. Miklós ameleta picha aliyomchora Bi Thea. Ina macho matatu. Bi Thea amesema la tatu ndilo linalofanana naye.

Jumamosi, 22 Mei

Karatasi zote zimekwenda kwa mfunga vitabu. Herufi zote ziko kashani. Karakana kimya. Bi Thea anakuja kila siku hata hivyo, anakaa juu ya sanduku. Anaosha vyombo vya mkahawa, anafundisha watoto, anakuja. Anangoja meli itakayoleta jibu la mama yake, na sisi tunangoja naye. Amepungua mwili.

Jumanne, 1 Juni

Hakuna barua.

Jumatatu, 7 Juni

Hakuna. Mzee Anselme amesema labda bibi yule hana kamusi nzuri. Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 9 Juni

Imekuja.

Aliingia nayo saa tano, haijafunguliwa. Akaniambia, "Ifungue wewe." Nikaifungua kwa kisu cha karatasi. Ukurasa mmoja, Kiswidi, mwandiko wa mtu aliyezoea zaidi jembe kuliko kalamu. Nikampa. Akasoma akiwa amesimama. Akakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la risasi, akaanza tena mwanzo, safari hii akitutafsiria mimi na Mzee Anselme.

Mama yake ameandika hivi:

"Thea. Nimesoma ukurasa wako siku tatu kwa kamusi. Umesema kweli. Najua, kwa sababu nilikuwa dirishani nakanda mkate. Nilikuona ukitupa glavu. Nilikuona ukimwonyesha kwa kidole. Nilimwona akienda, wala sikufungua dirisha kumwita, maana mikono yangu ilikuwa na unga, na nami nilidhani barafu imeshika. Ulipowaambia watu alikimbia mwenyewe, nikashukuru, kwa sababu hawakuniuliza mimi nilikuwa wapi. Baba yako alikufa hajui. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima. Viazi vimepandwa. Kuna mvua nzuri mwaka huu."

Bi Thea akaweka barua mapajani. "Alinikumbatia," akasema. "Nilidhani ananifariji mimi. Alikuwa ananishikilia ili yeye mwenyewe asianguke."

Mzee Anselme akaenda kusimama nyuma ya mtambo ili tusimwone. Mimi nikakaa sakafuni kando yake, na goti langu hili bovu. Alilia kwa muda mrefu, kwa sauti, kama watoto wanavyolia. Sikumwambia anyamaze.

Alipokwisha akajifuta kwa tambara la wino, akawa mweusi uso mzima. Akauliza meli ya kwenda kwao kutoka bandari ya Cherbourg inaondoka lini. Mzee Anselme, anayesoma gazeti kutoka jina hadi matangazo, akasema Jumamosi.

"Na kitabu?" nikamwuliza. "Kitafungwa tarehe ishirini. Kitabu chako, Bi Thea. Miaka kumi na moja!"

"Kitanifuata. Mama ana miaka sabini na moja."

Hajawahi kukishika kikiwa kizima, na anaondoka. Nilitaka kumkatalia. Nikamtazama, nikaona hakuna mtu wa kukatalia hapo. Nikaenda kumwulizia nauli ya treni ya daraja la tatu na saa inayoondoka.

Sasa liko jambo moja. Bi Imogen ameshaalika watu sitini waje kumwona mwandishi siku ya sherehe ya kitabu, na kadi zimeshachapwa, nilizipanga mwenyewe. Mzee Anselme ameuliza nani atamwambia kwamba mwandishi hatakuwepo. Nimesema nitamwambia mimi, kesho asubuhi, kabla hajanywa chai.